Marikiti ya Nairobi: Historia inayoamua bei ya chungwa lako

Lori la machungwa linapotoka Muheza, mkoani Tanga, na kuvuka Namanga, mara nyingi huingia Nairobi usiku wa manane. Mwenye mzigo anapofika Soko la Wakulima, ambalo wakazi wa jiji hilo wanaliita Marikiti, hukutana na mambo matatu kabla jua halijachomoza: msongamano wa malori yanayogombea nafasi ya kushusha, dalali anayejua bei ya leo kabla yeye hajaijua, na hesabu ambayo mara nyingi haipitii kwenye mizani.

Wafanyabiashara wengi kutoka nchi jirani huyachukulia mambo hayo kuwa ni hila za Nairobi. Ukweli ni kwamba yana mizizi ya kale kuliko dalali yeyote aliyepo sokoni leo. Soko hili lilijengwa kwa ajili ya mji mdogo. Mji ukakua, soko likabaki pale pale. Ufinyu huo ndio uliomzaa dalali, ukaufanya usiku kuwa saa za kazi na kulifanya gunia kuwa kipimo cha kubishaniwa. Ndiyo maana anayepeleka matunda Nairobi, awe ametoka Tanga, Kayunga, Kigali au Arusha, ana faida ya kuijua historia ya Marikiti. Itamwonyesha mahali anapoweza kuilinda bei yake na mahali ambapo hana nguvu.

Kabla ya reli

Sehemu hii ilikuwa mahali pa kununulia chakula hata kabla ya Nairobi kuwa mji. Katika karne ya 19, misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa ikipiga kambi Ngongo Bagas, karibu na Ngong na Dagoretti za leo, ili kununua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea na safari kuelekea ziwani. Mbele ya hapo palikuwa na mwendo mrefu usio na uhakika wa kupata chakula. Msafara uliopita bila kununua ulijiweka hatarini.

Wauzaji wengi wa chakula hicho walikuwa wanawake. Hao ndio waliokuwa wakibadilishana mazao na Wamasai, hata nyakati ambazo wanaume wa pande hizo mbili walikuwa na uhasama. Kwa hiyo mama anayefika Marikiti alfajiri kununua kreti mbili za maembe ameingia katika biashara iliyokuwepo kabla ya lami, kabla ya reli na kabla ya mipaka tunayoivuka leo.

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, na kambi ya wafanyakazi wa reli ikageuka kuwa mji. Biashara ya rejareja ikashikwa na maduka ya Wahindi katika mtaa uliojulikana kama Bazaar. Ulipozuka ugonjwa wa tauni mwaka 1902, watawala waliichoma Bazaar moto. Miaka miwili baadaye Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi aliyepata utajiri kwa kandarasi za reli, aliupatia mji huo soko lake la kwanza rasmi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 likajengwa soko jingine, lile linaloitwa City Market, katika mtaa ambao leo unaitwa Muindi Mbingu. Jengo hilo lingalipo.

Masoko hayo hayakukusudiwa kuwalisha Waafrika wa mitaa ya mashariki. Chakula chao kililetwa na wakulima na wachuuzi wa Kiambu na vijiji vingine vya karibu, wengi wao wanawake waliotembea kwa miguu wakiwa na mzigo mgongoni. Sheria za mji ziliwabana wachuuzi, na aliyekutwa akiuza bila kibali aliweza kukamatwa na kunyang'anywa mzigo wake.

Waafrika walijitengenezea masoko yao pembeni. Soko la Kariokor lilipata jina kutokana na Kikosi cha Wapagazi cha jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambacho ndicho pia kilichoipa Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake. Soko la Burma lilipewa jina la nchi ambako askari wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana katika Vita vya Pili. Kisha ikaja Hali ya Hatari mwaka 1952. Mwezi Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, likawakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kizuizini. Watu wa jamii hizo ndio waliokuwa uti wa mgongo wa biashara ya mazao mjini. Kwa miaka kadhaa, kusafiri na mzigo kuingia Nairobi kulihitaji kibali.

Soko la mkulima

Uhuru wa Desemba 1963 uliufungua mlango huo zaidi. Vibali vya kuingia mjini vilikuwa vimekwisha, mashamba makubwa ya walowezi yalikuwa yameanza kugawanywa, na watu wakamiminika Nairobi kutafuta kazi. Baraza la jiji lilikuwa chini ya Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika. Jiji hilo jipya lilihitaji mahali pamoja pa kupokelea chakula kwa jumla.

Soko la Wakulima lilijengwa katikati ya miaka ya 1960 kando ya barabara ambayo sasa inaitwa Haile Selassie. Jina lake lilieleza shabaha yake: mkulima alete mzigo wake mwenyewe na auze mwenyewe. Watu wakaliita Marikiti, jina lililokuwa likitumika pwani tangu zamani. Mombasa wana Marikiti yao, na Unguja wana yao pale Darajani.

Mahali palichaguliwa kwa busara ya wakati huo. Stesheni ya reli ilikuwa jirani. Mabasi ya Machakos na Ukambani yaliishia hatua chache kutoka hapo. Mitaa ya wafanyakazi ilianzia upande wa pili wa barabara, na katikati ya jiji palifikika kwa miguu. Mzigo uliingia kwa upande mmoja na mnunuzi kwa upande mwingine.

Sensa ya mwaka 1969 iliwahesabu wakazi wa Nairobi na kupata watu 509,286. Sensa ya 2019 ilipata watu 4,397,073. Jiji limeongezeka zaidi ya mara nane ndani ya miaka hamsini, lakini eneo la Marikiti halikuongezeka kwa kiwango hicho. Upande mmoja kuna barabara kuu, upande mwingine majengo, na nyuma yake mitaa ya zamani ya reli. Hakukuwa na pa kupanukia.

Mwaka 2008 serikali ilifungua soko la Muthurwa jirani na hapo ili kuwaondoa wachuuzi katika barabara za katikati ya jiji. Halikupita muda kabla Muthurwa nayo haijajaa na kuwa mkono mrefu wa Marikiti. Leo mgeni akiambiwa mzigo wake uko "Marikiti", huenda ukawa ndani ya geti, Muthurwa, au juu ya lori lililosimama kando ya barabara.

Mpaka ulipofungwa

Wafanyabiashara wenye umri mkubwa hawajasahau kwamba kulikuwa na wakati ambapo chungwa la Tanzania halikuweza kufika Nairobi kihalali. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967 na Kenya, Uganda na Tanzania, ilivunjika mwaka 1977. Mwezi Februari mwaka huo Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, nao ukabaki hivyo hadi Novemba 1983.

Kwa zaidi ya miaka sita, kilichopita kilipita kwa njia za panya. Masoko ya mpakani yalidorora. Nairobi ikabidi itegemee mashamba ya ndani: ndizi za Kisii na Murang'a, maembe na machungwa ya Machakos na ya pwani, mananasi ya Thika. Mpaka ulipofunguliwa, njia zilianza kurudi kidogo kidogo, kwa kuwa uaminifu kati ya mnunuzi na mleta mzigo haurudi siku lango linapofunguliwa.

Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005, Rwanda na Burundi zikajiunga Julai 2007, na Soko la Pamoja likaanza Julai 2010. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha kujiunga mwaka 2022. Kwa muuza matunda, maana ya tarehe hizo ni moja: tunda lililolimwa ndani ya Jumuiya, likiwa na cheti cha uasilia, halitozwi ushuru wa forodha linapovuka kwenda nchi nyingine mwanachama.

Vituo vya huduma kwa pamoja mpakani navyo vilipunguza safari za kutoka dawati hadi dawati. Rusumo kilizinduliwa mwaka 2016, Busia Februari 2018 na Namanga Desemba 2018. Kwa mzigo wa simenti, saa sita zilizookolewa ni nafuu. Kwa mzigo wa mapapai, ndizo zinazoamua kama utauza au utamwaga.

Nairobi inahitaji tunda la jirani

Marikiti haiwapokei majirani kwa hisani. Inawahitaji. Machungwa ni mfano ulio wazi. Kilimo cha machungwa nchini Kenya kimedhoofishwa kwa miaka mingi na magonjwa, ukiwemo ule unaoyafanya majani yawe ya manjano na matunda kudumaa yakiwa ya kijani. Pengo hilo limejazwa kwa sehemu kubwa na Tanga. Machungwa ya Muheza huingia kwa njia tatu: Horohoro na Lungalunga kwa soko la Mombasa, Holili na Taveta, au Arusha na Namanga kwa soko la Nairobi.

Kalenda nayo inasaidia. Msimu mkubwa wa machungwa ya Tanga huangukia katikati ya mwaka. Maembe ya Makueni, Machakos na Embu hujaa sokoni kuanzia Novemba hadi Machi. Anayeleta machungwa wakati maembe ni haba hukuta mnunuzi akimsubiri. Anayeyaleta wakati embe limejaa kila kona hukuta mama mboga ameshatumia mtaji wake kwingine.

Mananasi ya Uganda, kutoka sehemu kama Kayunga na Luweero, huingia kupitia Busia na Malaba pamoja na matunda ya karakara. Matikitimaji hutoka Kajiado na Loitokitok, na mengine huvuka mpaka. Na ingawa kitunguu si tunda, anayezungumzia Marikiti hawezi kukiacha: vitunguu vya Mang'ola, wilayani Karatu, vinajulikana Nairobi kama vinavyojulikana Arusha.

Kwa mfanyabiashara wa Kigali au Bujumbura hesabu ni tofauti. Kutoka Kigali hadi Nairobi kupitia Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100, ilhali kutoka Namanga hadi Nairobi ni kama 165. Mwenye safari ndefu hawezi kushindana kwa tunda la bei ya chini linaloharibika haraka. Nafasi yake ni tunda linalovumilia safari, lenye bei nzuri kwa kilo, na lililopata mnunuzi kabla halijapakiwa.

Kwa nini bei huamuliwa usiku

Hapa ndipo historia inapoingia mfukoni. Kwa kuwa nafasi ni ndogo na barabara zinazolizunguka soko hujaa magari mchana, biashara ya jumla huanza usiku. Malori huwasili baada ya giza. Kuanzia saa tisa au saa kumi usiku wachuuzi huanza kuingia ili wawahi kupanga meza zao mitaani asubuhi. Jua linapopanda, biashara kubwa imeshapungua. Lori ambalo halijauza linaanza kuwa mzigo kwa mwenyewe.

Tunda halisubiri, na mnunuzi analijua hilo. Dereva anataka kurudi. Wapagazi wa mkokoteni wanataka kulipwa. Machungwa ya chini yanaanza kusagika kwa uzito wa yaliyo juu. Kila saa inayopita humtoa nguvu muuzaji na kumpa mnunuzi.

Ndipo dalali anapoonekana. Ana mambo ambayo mgeni hana: mahali pa kushushia, wanunuzi wanaomwamini, na simu iliyomwambia tangu jioni ni malori mangapi yako njiani. Wapo madalali wanaowapunja watu, na wapo waliojenga majina kwa miaka mingi kwa kulipa kila shilingi. Lakini hata dalali mwaminifu anauza kitu ambacho ufinyu wa soko ndio ulioufanya kuwa bidhaa, nacho ni nafasi na habari. Soko lililojengwa ili mkulima auze mwenyewe limeishia kuwa mahali ambapo mkulima hapati pa kusimama.

Suala la pili ni kipimo. Mananasi na machungwa huuzwa kwa hesabu, na ukubwa huamuliwa kwa macho. Mazao mengine huuzwa kwa gunia, na gunia hurefushwa kwa kushonewa kilemba juu. Watanzania wanaiita lumbesa. Sheria ya vipimo ya Tanzania inaikataza, na Kenya katika kanuni zake za viazi za mwaka 2019 iliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko. Lakini sheria ya vipimo ina nguvu pale penye mizani na nafasi ya kuiweka. Katika soko lililofurika, penye foleni nyuma yako, anayedai mizani huonekana anachelewesha watu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme umeleta machungwa 30,000 na umelazimika kupunguza senti 50 za Kenya kwa kila tunda kwa kuwa kumekucha. Umepoteza shilingi 15,000. Tuseme pia kwamba kila ukihesabu mia moja unaongeza manne ya juu kumridhisha mnunuzi. Hayo ni machungwa 1,200. Ukiuza kwa shilingi nane, zimeondoka shilingi 9,600 nyingine. Jumla ni shilingi 24,600 za Kenya, na hujagusa nauli, ushuru wa kaunti, wapagazi wala yaliyooza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hizi ndizo pesa zinazopotea bila habari.

Simu imebadilisha sehemu ya mchezo huu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na tangu hapo mfanyabiashara hana sababu ya kutembea Marikiti usiku akiwa na mfuko wa noti. Mwaka 2015 ikawezekana kutuma pesa kati ya M-Pesa ya Kenya na ile ya Tanzania. Faida nyingine ni kumbukumbu. Malipo ya simu huacha tarehe, kiasi na jina, na mabishano mengi ya "nilishakulipa" huishia hapo.

Agizo la kuhama

Katika miaka ya karibuni serikali ya Kaunti ya Nairobi imetaka sehemu ya biashara ya jumla ihamie soko la Barabara ya Kangundo, mashariki mwa jiji. Hoja zake haziwezi kupuuzwa. Marikiti imejaa, mvua ikinyesha taka na tope huchanganyika, na malori huziba barabara kuu. Wafanyabiashara wengi wamepinga, nao wana hoja yao.

Hoja hiyo ni mnunuzi. Mama mboga wa Kibera, Kawangware au Kayole huja Marikiti kwa sababu matatu za karibu kila upande huishia katikati ya jiji. Anashuka, ananunua kidogo machungwa, kidogo nyanya, kidogo vitunguu, kisha anapanda gari jingine kurudi mtaani. Ukiyapeleka machungwa Kangundo na kuacha nyanya Haile Selassie, umemwongezea nauli na saa mbili za barabarani. Atanunua machungwa machache au ataacha kabisa.

Dar es Salaam inatoa funzo hapa. Kariakoo ilijengewa jengo lake maarufu miaka ya 1970, kwa michoro ya Beda Amuli, na biashara ya jumla ya mazao ilipangiwa humo. Hata kabla moto wa Julai 2021 haujaliunguza jengo hilo, sehemu kubwa ya matunda na mboga za jumla ilikuwa imeshapata makao mengine: Ilala, Buguruni, Mabibo. Ndizi ikawa na mahali pake, viazi mahali pake. Kariakoo haikufa, na mchuuzi akajifunza njia mpya.

Huenda Nairobi ikaelekea huko huko, Marikiti ikabaki na biashara ya kiasi cha kati huku malori makubwa yakishushia nje ya jiji. Kwa mleta mzigo kutoka nje, mgawanyiko huo una sura mbili. Nafasi zaidi ya kushusha ina maana ya saa zaidi za kupatana bei, na mwenye saa zaidi ana nguvu zaidi. Lakini katika miezi ya mwanzo, kabla wanunuzi hawajazoea, soko jipya linaweza kuwa na malori mengi na wateja wachache. Anayetangulia bila habari ndiye anayelipia majaribio hayo.

Mpaka bado una funguo

Historia inaonyesha pia kwamba njia ya kwenda Marikiti inaweza kufungwa mbali na Marikiti. Rwanda iliufunga mpaka wa Gatuna Februari 2019, na ukafunguliwa tena rasmi tarehe 31 Januari 2022. Mwezi Machi 2021 barua moja ya mamlaka ya kilimo ya Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio liliondolewa baada ya siku chache kwa masharti, lakini malori yalikuwa yameshakwama mpakani. Mahindi huvumilia siku hizo. Nanasi halivumilii.

Mfanyabiashara hawezi kuzuia barua ya namna hiyo. Anachoweza ni kutokutwa na upungufu ambao afisa anaweza kuutumia siku ya kawaida. Matunda yanayoingia Kenya yanahitaji kibali cha kuingiza mazao ya mimea kutoka KEPHIS, ambacho huombwa kabla, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yalikotoka. Tanzania hutolewa na TPHPA, Uganda na Wizara ya Kilimo, Rwanda na RICA. Cheti hicho hutolewa baada ya ukaguzi, kwa hiyo hakitafutwi wakati lori liko kwenye foleni.

Kwa mzigo mdogo kuna Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupata cheti cha uasilia kilichorahisishwa pale pale mpakani. Hiyo ni nafuu kwa wanawake wengi wanaovusha matunda kwa kreti. Ila inahusu forodha tu. Haifuti cheti cha afya ya mimea, wala ushuru wa soko unaotozwa na kaunti. Wengi hukwama kwa kudhani karatasi moja inatosha kwa yote. Na wanaopakia pamoja katika lori moja wahakikishe kila mwenye mzigo ana karatasi zake, ili kosa la mmoja lisiwalaze wote.

Anachoweza kubadilisha mleta mzigo

Ufinyu wa Marikiti hautaondolewa na mtu mmoja mwenye lori. Lakini nguvu ambazo ufinyu huo unampokonya, baadhi anaweza kuzirudisha kabla hajatoka nyumbani. Bei ikubaliwe kabla ya kupakia, kwa ujumbe wa maandishi na si kwa maneno ya simu peke yake. Kipimo kitajwe katika makubaliano hayo: kwa tunda, kwa kreti au kwa kilo, na ya nyongeza ni mangapi. Matunda yapangwe kwa ukubwa shambani, kwa sababu kupanga usiku juu ya lori ni kumpa mwingine nafasi ya kukuchagulia. Wenye mizigo midogo wakiungana na kumtanguliza mwenzao mmoja sokoni siku moja mbele, wanapata habari aliyonayo dalali.

Dalali naye achaguliwe kama anavyochaguliwa mshirika, kwa kuuliza waliouza kwake misimu miwili iliyopita kama aliwalipa na lini. Na kabla ya kuagiza chungwa likatwe mtini, piga simu Nairobi uulize mambo mawili: malori mangapi ya machungwa yalilala bila kuuzwa jana, na mizigo inashushiwa geti gani leo.